Wembe wa Babu na Gurudumu la Umeme

Juma hili nina barua ya msomaji wetu mmoja wa upande wa Machakos, naye ameomba jina lake lisichapwe. Asema kwamba katika sanduku la marehemu babu yake wamekuta wembe wa kukunja, wa namna ile ya zamani ambao kinyozi aliufungua kama kisu. Mpini wake ni wa pembe. Ubavu mmoja umeliwa na wadudu hata ukatoboka, na ubavu wa pili umepasuka penye ribiti. Ubapa wa wembe una kutu mahali mahali. Karibu na shingo pamepigwa chapa ya taji katikati ya herufi V na R, na chini yake neno SHEFFIELD.

Sasa nyumbani pana maneno. Ndugu yake mkubwa ataka wembe upelekwe kwa fundi mwenye gurudumu la umeme, ung'arishwe kama kioo, kisha uuzwe. Yeye mwenyewe ataka kuutengeneza kwa mikono yake, autie mpini wa mti, na kunyolea ndevu zake kama babu alivyofanya. Auliza: wembe huu ni wa miaka gani, gurudumu lina ubaya gani, na mti gani wafaa kwa mpini? Mwishoni ameongeza swali la nne, fupi, nalo nitaliacha hata mwisho.

Naanza na gurudumu, kwa sababu ndilo jambo la haraka. Kama wembe haujatoka nyumbani, tafadhali usitoke.

Feleji, yaani chuma kigumu cha visu na nyembe, hupata ugumu wake kwa kupashwa moto mkali na kutoswa ghafula. Hapo huwa ngumu lakini huvunjika kama kioo, kwa hiyo fundi huipasha tena kwa moto mdogo, ambao katika nyembe hauzidi sana digrii 200 za sentigredi, ili ilegee kidogo tu. Baada ya hapo feleji isipate moto zaidi ya huo maishani mwake, kwa maana kila moto ulio mkubwa kuliko ule wa pili huipunguzia ugumu. Na makali ya wembe ni membamba kuliko karatasi. Yakiguswa na gurudumu linalozunguka kwa kasi, joto halina mahali pa kukimbilia. Kabla fundi hajapepesa jicho, rangi ya majani makavu hutokea, kisha kahawia, kisha buluu, na hiyo buluu ni karibu digrii 300. Mahali palipogeuka buluu hapatashika makali tena. Fundi aweza kuifuta ile rangi kwa msasa, na mwenye wembe asijue neno, mpaka siku atakapojaribu kunyoa.

Hilo ni la moto. Liko na la umbo, nalo watu wengi hawalijui. Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu, ambapo mkono ndio unaopima mshazari. Wembe hulazwa bapa juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja. Basi unene wa mgongo ndio unaopima pembe ya makali. Tuseme wembe una upana wa milimita 16, yaani inchi tano kwa nane, na mgongo wenye unene wa milimita nne na nusu: pembe ya makali itakuwa digrii 16 hivi, nayo ni pembe njema. Fundi wa gurudumu akiula mgongo ule hata ukabaki na milimita tatu, pembe itashuka hata karibu digrii 11, na makali yatakuwa dhaifu, yamomonyoke kwa ndevu chache tu. Wembe utang'aa kama fedha, na hautanyoa.

Na kwa heshima ya ndugu mkubwa, nataka aelewe kwamba hata katika biashara gurudumu halimfai. Watu wanaokusanya nyembe za kale huangalia chapa na umbo. Chapa ikifutika, wanunuzi wa namna hiyo huenda zao, na wembe huwa kipande cha chuma kinachometa.

Sasa juu ya umri. Sheffield ni mji wa Uingereza ya kaskazini uliojulikana kwa visu tangu karne nyingi. Katika miaka ya 1740 fundi wa saa mmoja, Benjamin Huntsman, aliyekuwa akitafuta feleji nzuri ya kufanyia kamani za saa, alianza kuiyeyusha katika vyungu vya udongo mpaka ikawa ya namna moja tupu, isiyo na tabaka wala takataka. Kwa feleji ya vyungu nyembe za Sheffield zilipata sifa kila nchi, na baadaye mji wa Solingen wa Ujerumani ukawa mshindani wake mkubwa. Nyembe za kale za Sheffield ni nzito, ubavu wake umebonyea kidogo tu, kwa sababu zilinolewa juu ya mawe makubwa ya mviringo. Zile za Solingen zilikuja kuwa nyembamba sana, na ubavu wake umebonyea mno, hata ukizigusa kwa ukucha hulia.

Yafaa pia kujua kwamba mbonyeo ule ulilipiwa. Wanoaji wa Sheffield waliinama juu ya mawe yale mchana kutwa wakivuta vumbi la jiwe na la chuma, na wengi walikufa wangali vijana kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka 1843 daktari wa mji ule, G. Calvert Holland, alitoa kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Kwa hiyo mtu anayeondoa feleji ya wembe wa Sheffield kwa kuwa tu ataka mng'ao, aondoa kitu ambacho mtu mwingine alikitolea pumzi yake.

Herufi V R pamoja na taji ni za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Nyembe za wakati wa mfalme William wa Nne, 1830 hata 1837, zina W R. Alama nyingine ya kutazama ni jina la nchi. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 iliagiza kwamba bidhaa za kigeni zipigwe jina la nchi zilikotoka, na tangu 1891 nyembe nyingi zina neno ENGLAND au GERMANY. Msomaji wetu asema hakuna neno ENGLAND. Hiyo si hakika kamili, kwa maana si kila wembe ulikwenda Marekani; lakini yatuelekeza kufikiri kwamba wembe huu ulifuliwa kabla ya 1891. Basi ulikuwa mzee kabla ya babu kuushika.

Tena si ajabu kwamba ulilala sandukuni. Kampuni ya King Camp Gillette ya Marekani ilipoanza kuuza wembe wake wenye kiwembe cha kutupa, katika mwaka 1903, iliuza nyembe 51 tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani liliwapa askari wake zaidi ya milioni tatu. Askari walirudi makwao nazo, na wembe wa kukunja ukaanza kusahauliwa.

Haya, tuingie kazini. Kwanza kutazama. Chukua kioo cha kukuzia, simama penye mwanga wa jua, ufuate makali kutoka mwanzo hata mwisho. Pengo dogo laweza kunolewa likaisha. Ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, hauna dawa: wembe wenye ufa penye makali usitiwe usoni, uwekwe tu kama kumbukumbu. Kama kutu imetoboa vishimo karibu sana na makali, napo ni pa mashaka. Vishimo vilivyo katikati ya ubapa au penye mgongo havidhuru kitu.

Mpini wa wembe ni vibao viwili vilivyoshikwa na ribiti, yaani vijiti vidogo vya shaba vilivyofuliwa kichwa pande zote mbili. Usijaribu kuvipanua vibao kwa bisibisi. Funga kitambaa kinene juu ya makali, kata kichwa cha ribiti kwa tupa ndogo polepole, kisha isukume itoke kwa msumari butu. Vile vishaba vya mviringo vilivyo chini ya vichwa, ambavyo mafundi huviita washa, viweke katika bahasha. Weka na vibao vibovu pia. Sisi makarani tumezoea kutotupa kitu kilichokwisha kazi, na hapa desturi yetu ni njema, kwa maana vibao vya kale ndivyo vitakavyokuwa kipimo cha vile vipya. Mkiani, katikati ya vibao, utakuta kabari ndogo. Katika nyembe nyingi za zamani kabari hiyo ni ya risasi. Usiipige msasa, wala usiache watoto waichezee, na nawa mikono baada ya kuigusa, kwa kuwa vumbi la risasi ni sumu.

Kutu haiondolewi kwa nguvu. Lowesha ubapa kwa mafuta mepesi ya cherehani, uache usiku mmoja. Asubuhi ulaze juu ya ubao ulionyooka, makali yasitokeze nje, na usugue kwa sufu laini kabisa ya chuma. Kisha utumie msasa wa maji, namba 600, halafu 1000, halafu 2000, pamoja na mafuta, na mkono ukielekea siku zote kutoka mgongoni kwenda nje, usirudi kuelekea kwako. Kutu nyekundu yote itoke. Weusi uliobaki chini yake, ule ulioshikana na feleji na ambao hautoki kidoleni, uache. Huo hauli tena. Penye chapa usitie msasa hata kidogo, ila kitambaa na mafuta. Kazi hii ni ya jioni tatu au nne. Anayeimaliza kwa saa moja ametumia msasa mkali mno.

Tumefika kwenye mti, na hapa msomaji wetu ana bahati ya kukaa anapokaa. Mti wa mpini wa wembe hukutana na maji, sabuni na mvuke kila asubuhi, na ubao wake hauzidi unene wa milimita tatu. Mti laini hunywa maji, huvimba, hupinda, na wembe hukataa kufungika. Miti yenye ukali mwingi ndani yake, kama mwaloni wa Ulaya, huleta weusi na kutu penye chuma. Mpingo ndio uliopita yote. Ni mzito hata huzama majini, una mafuta yake ndani, haunywi maji kwa wepesi, na ukisuguliwa vizuri hung'aa bila vanishi. Ndiyo sababu Wazungu huutafuta kwa zumari zao.

Watu wa Wamunyu hawahitaji kufundishwa habari za mpingo. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona wachongaji wa Kizaramo wakiufanya, akarudi na ufundi ule nyumbani. Siku hizi mpingo umekuwa adimu, nao wachongaji hutumia miti mingi mingine. Hukua polepole mno, na tangu 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya biashara inayoangaliwa na mataifa. Kwa hiyo simwambii mtu akate mti. Mpini wa wembe wahitaji vipande viwili vyenye urefu wa sentimita 16 na upana wa vidole viwili, na vipande vya namna hiyo huachwa chini ya meza ya mchongaji kila siku. Amwendee mzee mmoja mchongaji, amwamkie, aeleze shida yake. Akikosa mpingo, mzeituni wa mwituni uliokauka vizuri wafaa sana.

Vibao viwili vibandikwe pamoja kwa gundi nyepesi katikati yake pawe na karatasi, ili baadaye vitengane bila taabu. Chora umbo la kibao cha kale juu yake, utoboe matundu mawili vikiwa bado pamoja, ndipo ukate kwa msumeno mwembamba. Wanaokata kwanza na kutoboa baadaye hupata matundu yasiyoelekeana. Mpingo ni mgumu, hupasha moto drili. Toboa kidogo, toa, pangusa, rudia. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo funga kitambaa puani, na ukumbuke wale wanoaji wa Sheffield.

Umbo likishapatikana kwa tupa na msasa, tenga vibao. Kila kibao kiwe kinene kidogo katikati na chembamba penye ncha, ili kiweze kupinda kama upinde. Hapo ndipo kabari ifanyapo kazi yake. Kabari mpya, ya mti au ya pembe, iwe nyembamba upande mmoja na nene kidogo upande wa pili. Ndiyo inayovitanua vibao viuache ubapa uingie katikati bila kugusa huku wala huku. Kabari ikikosewa, makali hugonga mti kila wembe ukifungwa. Kabla ya kufua ribiti, funga kila kitu kwa skrubu ndogo na nati, ufungue na kufunga wembe mara nyingi, urekebishe kabari mpaka ubapa ukae katikati. Mimi naona siku nzima ikitumika hapa haijapotea.

Ribiti yenyewe ni waya wa shaba ya njano, unene wa milimita moja na nusu hivi. Ikatwe ibaki imetokeza milimita moja kila upande juu ya washa. Iweke juu ya chuma bapa, uigonge kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, kwa mapigo mepesi mengi, ukigeuza upande baada ya mapigo kumi hivi, mpaka kichwa kiote kama uyoga mdogo. Pigo moja la hasira hupasua mpingo, na kazi yote huanza upya. Wembe uliofungwa vizuri hufunguka kwa kidole, lakini ukiushika kwa mpini na kuuinamisha, hauanguki wenyewe.

Kunoa ni kufupi kueleza, kurefu kujifunza. Kinoo cha namba 1000 kwanza, mpaka makali yawe mamoja kutoka mwanzo hata mwisho. Kisha 4000, kisha 8000. Mgongo na makali vyote juu ya jiwe, bila kukandamiza, makali yakitangulia. Na ufikapo mwisho wa jiwe geuza wembe juu ya mgongo wake. Baada ya jiwe, ukanda wa ngozi uliovutwa ukakaza, mara 40 au 50, na hapo mgongo ndio unaotangulia, la sivyo utakata ukanda. Makali yakikata unywele wa mkono bila kuvuta, yatosha.

Neno moja sina budi kulisema kwa nguvu. Zamani wembe mmoja wa kinyozi ulipita katika nyuso nyingi, na watu hawakujua hatari yake. Leo twajua kwamba damu kidogo isiyoonekana kwa macho yaweza kuchukua virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Wembe huu uwe wa uso mmoja tu, uso wa mwenyewe. Ndugu asiazime, rafiki asiazime, wala usitumiwe katika sherehe yoyote. Kabla ya mara ya kwanza usafishwe kwa spiriti, na baada ya kila kunyoa uoshwe, ukaushwe kabisa, upakwe tone la mafuta. Usiachwe bafuni penye mvuke.

Na sasa swali la nne. Msomaji wetu auliza kama aweza kuandika jina la babu juu ya ubapa kwa kalamu ya umeme. Asiandike pale, kalamu ile ni ndugu yake gurudumu. Aandike upande wa ndani wa kibao kimoja, kabla ya kukipaka mafuta na kabla ya kufua ribiti: jina la babu kwa ncha ya sindano, chini yake jina lake mwenyewe na mwaka aliofanya kazi. Wembe ukifungwa hakuna atakayeyaona, isipokuwa mtu atakayekata ribiti hizo siku mpini huu nao utakapochoka. Asitumie wino, kwa maana juu ya mpingo hausomeki, na maji yakipenya hufutika.